Nani Huambukizwa VVU? Dhana Potofu Miongoni Mwetu na Mafundisho ya Kanisa

Mwamini anapofariki kwa maradhi yanayohusishwa na UKIMWI, au jirani anapoonekana akitoka kliniki ya tiba na matunzo, swali la kwanza linalonong'onwa ni hili: “Aliupataje?” Kwa kawaida swali hilo si la kitabibu. Anayeuliza hatafuti kujua njia ambayo virusi vilipita, anatafuta kosa. Nyuma ya swali hilo kuna imani isiyoandikwa popote, lakini iliyoshika mizizi katika familia zetu, katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na hata katika kumbi za parokia: kwamba UKIMWI una watu wake, na kwamba watu hao si sisi.

Makala hii inalenga kuwasaidia waamini kuzitambua dhana potofu zilizo za kawaida kuhusu watu wanaoambukizwa, kuzipima kwa mwanga wa sayansi ya tiba na wa mafundisho ya Kanisa, na kuuona wajibu unaotokana na ukweli huo. Hatuandiki kwa sababu jambo hili ni jipya. Tunaandika kwa sababu dhana hizo bado zinawagharimu watu maisha yao: yule anayeamini kwamba ugonjwa ni wa wengine haendi kupima, na asiyepima hatibiwi.

1. Maana ya VVU na UKIMWI

VVU ni kifupi cha Virusi vya UKIMWI, na UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Maneno haya mawili hayana maana moja. Virusi huingia mwilini na kushambulia chembe za damu zinazolinda mwili, hasa zile ziitwazo CD4. Mtu asiyetibiwa huweza kuishi miaka minane hadi kumi, pengine zaidi, kabla kinga yake haijadhoofika kiasi cha kushindwa na magonjwa nyemelezi kama kifua kikuu. Hali hiyo ya mwisho ndiyo UKIMWI. Anayetumia dawa za kufubaza virusi kwa uaminifu anaweza kuishi na VVU miaka mingi bila kufikia hatua hiyo kamwe.

Virusi hivi hupita kwa njia tatu zinazojulikana: kujamiiana na mtu mwenye virusi, damu, kama vile kuongezewa damu isiyopimwa au kuchangia sindano na vifaa vyenye ncha kali, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonyesha. Katika orodha hii hakuna kazi ya mtu, kabila lake, umri wake, dini yake wala sifa yake kijijini. Virusi hufuata njia, havichagui mtu.

2. Chanzo cha dhana hizi

Ni vema kujua kwamba kosa la kuupa ugonjwa huu “watu wake” lilianza siku ile ile ulipotambuliwa. Tarehe 5 Juni 1981 kituo cha kudhibiti magonjwa cha serikali ya Marekani kilitoa taarifa kuhusu vijana wanaume watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Wote watano walikuwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, na mara moja ikadhaniwa kwamba ugonjwa ni wao peke yao. Baadaye yakaongezwa makundi mengine: wanaojidunga heroini, wagonjwa wa himofilia, ambao damu yao haigandi ipasavyo, na watu wa Haiti. Taifa zima likatiwa alama. Mvulana mmoja wa jimbo la Indiana, Ryan White, aliyeambukizwa kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu, alizuiwa kuingia darasani mwaka 1985, ingawa hakuwa hatari kwa yeyote. Alifariki Aprili 1990 akiwa na umri wa miaka 18.

Mwaka 1983 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akiwamo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walikitambua kirusi chenyewe, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu hapo sayansi ilijua kwamba tatizo ni kirusi, si aina ya watu. Lakini fikra za watu hubadilika polepole kuliko maabara.

Hapa kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza waliripotiwa mwaka huo huo wa 1983 mkoani Kagera. Wananchi waliuita ugonjwa huo “Juliana”, jina la kitambaa kilichoingizwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Ikasemwa kwamba ni ugonjwa wa wachuuzi na wa wanawake waliovaa nguo hizo. Wengine wakasema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa mali zao. Haukupita muda mrefu, wakaanza kuugua walimu, wauguzi, wakulima, akina mama wa nyumbani na watoto wachanga. Utafiti uliofanyika mwaka 1987 uligundua kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Ugonjwa unapofika mahali hapo, kuuita ugonjwa wa “wale” ni kukataa kuona.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Badala ya kutia maji, tumekuwa tukihesabu makosa ya anayenyolewa.

3. Dhana potofu zilizo za kawaida

“UKIMWI ni ugonjwa wa wazinzi.” Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ina ukweli nusu unaoipa nguvu. Ni kweli kwamba katika nchi zetu maambukizi mengi ya watu wazima hutokea kwa njia ya kujamiiana, na ni kweli kwamba mwenye wenza wengi yumo katika hatari kubwa zaidi. Wataalamu pia huyataja makundi yaliyo katika hatari zaidi, wakiwamo wanawake wanaouza miili yao na vijana wanaojidunga dawa za kulevya. Lakini hatari zaidi si sawa na hatari pekee. Mtoto aliyezaliwa na virusi hakuzini. Muuguzi aliyechomwa na sindano akimhudumia mgonjwa hakuzini. Binti aliyebakwa hakuzini, alitendewa uovu. Mke mwaminifu wa mume asiye mwaminifu hakuzini. Tena wapo wengi waliozini wasiambukizwe. Kipimo cha VVU hupima damu, hakipimi roho. Majibu chanya si hati ya mashtaka, na majibu hasi si cheti cha utakatifu.

“Walio katika ndoa takatifu wako salama.” Sakramenti ya Ndoa ni chemchemi ya neema, lakini haifuti virusi vilivyokuwamo mwilini kabla ya siku ya arusi. Uaminifu wa wanandoa ni kinga ya kweli kwa masharti mawili kwa pamoja: kwamba wote wawili waliingia katika ndoa bila virusi, na kwamba wote wawili ni waaminifu. Sharti moja likikosekana, uaminifu wa mmoja hautoshi kumlinda. Na ni mwanamke anayeumia zaidi kwa dhana hii. Kwa maumbile yake huambukizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwanamume, na mara nyingi hana sauti ya kumwomba mumewe wakapime. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi, asilimia 5.6 ya wanawake walikuwa na virusi, dhidi ya asilimia 3.0 ya wanaume. Hatuwezi kuzisoma takwimu hizo kisha tukasema kwamba wanawake ndio wanaotenda dhambi karibu mara mbili ya wanaume.

“Mke akipimwa, na mume amepimwa.” Akina baba wengi huyapokea majibu ya mke aliyepimwa katika kliniki ya wajawazito kana kwamba ni yao. Hilo ni kosa. VVU haviambukizi katika kila tendo la ndoa, na wapo wanandoa walioishi pamoja miaka mingi mmoja akiwa na virusi na mwingine akiwa hana. Wataalamu huwaita wenza wenye majibu tofauti. Majibu ya mke ni ya mke, na ya mume ni ya mume. Kwa sababu hiyo hiyo, majibu yanapotofautiana si uthibitisho kwamba mwenye virusi amezini ndani ya ndoa. Huenda aliambukizwa miaka mingi kabla hawajafahamiana. Ndoa kadhaa zimevunjwa kwa hukumu iliyotolewa usiku mmoja juu ya jambo ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulithibitisha.

“Mwenye VVU hujulikana kwa kumwangalia.” Kule Uganda ugonjwa huu ulipewa jina la “slim”, yaani kukonda, na jina hilo liliwafundisha watu kutazama miili. Hadi leo utasikia: “Yule ni mnene na ngozi yake inang'aa, hawezi kuwa nao.” Tumekwisha kuona kwamba virusi hukaa mwilini miaka bila dalili. Katika kipindi hicho mtu hulima, hucheza mpira, huimba kwaya na huchumbia. Kwa upande mwingine, si kila aliyekonda ana VVU: kisukari, kifua kikuu, saratani na huzuni hukondesha pia. Tena, mtu anaweza kupata majibu hasi ikiwa aliambukizwa wiki chache tu zilizopita, ndiyo maana wahudumu wa afya hushauri kurudia kipimo baada ya miezi mitatu. Jicho la jirani si maabara.

“Ni ugonjwa wa vijana.” Wazee wetu huheshimiwa kiasi kwamba hata mhudumu wa afya huona haya kuwashauri kupima. Matokeo yake, babu au bibi hutibiwa homa, mkanda wa jeshi na kikohozi kwa muda mrefu bila mtu kuwaza VVU. Tafiti za nchi yetu zimeonyesha mara kwa mara kwamba kiwango cha maambukizi ni kikubwa zaidi kwa watu walio katika miaka ya 40 kuliko kwa vijana wa miaka ya 20. Wengi wao waliambukizwa zamani na wamezeeka pamoja na virusi. Wengine waliambukizwa ukubwani, baada ya kufiwa na kuoa au kuolewa tena.

“Ni ugonjwa wa maskini na wasiosoma”, au “ni ugonjwa wa mjini.” Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta kiwango cha maambukizi kikiwa juu zaidi kwa wenye mali kuliko kwa maskini kabisa. Na ule wa 2022–2023 ulikuta mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote si jiji la Dar es Salaam, bali Njombe, nchi ya mashamba ya chai, viazi na mbao, kwa asilimia 12.7, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Shule ni njema, lakini kirusi hakisomi vyeti.

“Aliyetahiriwa hapati.” Majaribio ya kitabibu yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Kupunguza si kuondoa. Aliyetahiriwa akaishi ovyo amekifanya kinga kile ambacho kilikuwa msaada tu.

“Mtoto wa mama mwenye VVU lazima awe nao.” Bila tiba yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wa mama wenye virusi huambukizwa, maana yake ni kwamba hata zamani wengi walizaliwa na kukua salama. Mama akitumia dawa vizuri wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, hatari hiyo hushuka chini ya watoto 5 kati ya 100. Kumwita mtoto “marehemu mtarajiwa”, au kumnyima ada ya shule kwa sababu “hataishi”, ni ujinga ulioungana na ukatili.

“Anayekaa na mwenye VVU ataupata.” Virusi haviambukizi kwa kupeana mikono, kukumbatiana, kula sahani moja, kuchangia choo, kukohoa, wala kwa kuumwa na mbu. Kwa hiyo hakuna hatari katika kutakiana amani wakati wa Misa, katika kukaa benchi moja, wala katika kupokea kutoka kikombe kimoja pale ambapo Komunyo hutolewa kwa maumbo yote mawili. Hofu hii imewaumiza hasa watoto. Mjini Nairobi, watoto wa kituo cha Nyumbani, kilichoanzishwa mwaka 1992 na Padre Angelo D'Agostino wa Shirika la Yesu, walikataliwa na shule za umma hadi kituo kilipokwenda mahakamani. Januari 2004 ndipo serikali ilipokubali wapokelewe. Watoto wale hawakuwa hatari kwa shule. Dhana ndiyo iliyokuwa hatari kwao.

4. Hukumu ya haraka na mafundisho ya Kanisa

Baadhi ya waamini huogopa kwamba, tukisema haya, tunahalalisha dhambi. La hasha. Amri ya Sita haijafutwa. Kanisa linaendelea kufundisha usafi wa moyo kwa vijana na uaminifu kwa wanandoa, na mafundisho hayo, yakiishiwa na pande zote mbili, ni ulinzi wa kweli. Lakini kufundisha adili ni jambo moja; kumhukumu mtu kwa kutazama majibu ya damu yake ni jambo jingine.

Bwana wetu mwenyewe alikutana na dhana hii. Wanafunzi wake walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili (Yn 9:1-3). Alipoelezwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, akawakumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wenye dhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na wasikilizaji ndio waliotakiwa kutubu (Lk 13:1-5). Na mwenye ukoma, ambaye sheria na hofu vilimweka mbali, Yesu alimgusa kwanza, ndipo akamtakasa (Mk 1:40-42).

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua ya kitume “Salvifici Doloris” ya tarehe 11 Februari 1984, akifafanua Kitabu cha Ayubu, alifundisha kwamba si kweli kuwa kila mateso ni matokeo ya kosa na yana sura ya adhabu. Septemba 1987, katika kanisa la Mission Dolores mjini San Francisco, aliwakumbatia watu wenye UKIMWI, miongoni mwao mtoto mdogo aliyeambukizwa kwa kuongezewa damu, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwashika mkono. Tarehe 1 Septemba 1990, mwanzoni mwa ziara yake Tanzania, aliuzungumzia ugonjwa huu jijini Dar es Salaam, akisisitiza wajibu wa kuwahudumia walioathirika. Naye Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika wosia wa kitume “Africae Munus” wa mwaka 2011 (namba 72), alieleza kwamba UKIMWI unahitaji majibu ya kitabibu na ya kidawa, na pamoja na hayo majibu ya kimaadili.

Tena Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2477) inaitaja hukumu ya haraka kuwa kosa dhidi ya Amri ya Nane: ni kukubali kuwa kweli, hata kimoyomoyo, kosa la kimaadili la jirani bila msingi wa kutosha. Tuyapime maneno hayo. Anayemwona mwenzake akimeza dawa na moyoni akahitimisha “huyu alikuwa malaya” ametenda kosa hilo hata kabla hajafungua kinywa. Akifungua kinywa na kuwaambia wengine, ameongeza la pili. Mara ngapi tumeliungama jambo hili katika Kitubio? Tumezoea kudhani kwamba katika habari za UKIMWI mwenye kuungama ni mgonjwa peke yake.

5. Gharama ya dhana hizi

Takwimu za utafiti wa 2022–2023 zinastahili kutafakariwa. Kati ya watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, takriban 83 walijua hali yao. Kati ya kila 100 waliojua, karibu 98 walikuwa wanatumia dawa. Na kati ya kila 100 waliotumia dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa.

Ukizitazama hatua hizo tatu, utaona wazi daraja limevunjika wapi. Aliyekwisha kujua hutibiwa. Anayetibiwa hupata nafuu. Pengo kubwa liko mlangoni, kwa watu 17 kati ya 100 wasiojua. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini tangu 2004, na tangu 2016 kila aliyekutwa na virusi huanzishiwa tiba bila kusubiri augue. Kipimo nacho ni bure katika vituo vya umma. Umbali na shughuli huwazuia baadhi, lakini wengine wengi hawazuiwi na chochote isipokuwa sentensi moja: “Mimi si mtu wa namna hiyo.” Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini huyu hafichi, hajui kwamba anayo, kwa sababu tumemfundisha kwamba hayawezi kuwa yake.

Kuna gharama ya pili. Utafiti uliowafuatilia maelfu ya wenza wenye majibu tofauti umethibitisha kwamba mtu anayetumia dawa vizuri, na ambaye kipimo hakivioni tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hii ni habari njema kwa wanandoa. Lakini dawa hizo humezwa kila siku, na anayeogopa kuonekana huzificha kwenye gunia la mahindi, huziruka siku za wageni, huacha kwenda kliniki ya karibu na kukosa nauli ya kwenda ya mbali. Akiruka dawa, virusi hupata nguvu tena na vinaweza kuwa sugu. Hivyo ulimi wa jirani unaweza kuiharibu kazi ya daktari.

6. Yanayotupasa katika parokia na familia

Kwa wachumba. Tunawahimiza wapime pamoja mapema, si wiki moja kabla ya arusi wakati kadi zimekwisha kugawiwa. Ifahamike kwamba kuwa na VVU si kizuizi cha ndoa katika Sheria za Kanisa: wote wasiozuiwa na sheria wanaweza kufunga ndoa (kanuni 1058). Lakini kumficha mchumba hali hiyo kwa hila ili akubali ni jambo zito, linaloweza hata kuufanya ukubaliano wa ndoa kuwa batili (kanuni 1098). Ukweli usemwe kabla ya altare, kwa msaada wa mshauri nasaha na wa paroko.

Kwa wanandoa. Wapime wote wawili, na majibu yakitofautiana wasikimbilie talaka wala kwa wazee wa ukoo kutafuta mkosaji. Waende kliniki pamoja, waanze tiba, na wamtafute padre wanayemwamini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mwenye virusi kumjulisha mwenzi wake. Sheria hiyo hiyo inalinda usiri wa majibu na inakataza unyanyapaa.

Kwa akina baba. Tunawaomba viongozi wa umoja wa wanaume Wakatoliki (UWAKA) walibebe jambo hili kama WAWATA walivyolibeba kwa miaka mingi wakiwahudumia wagonjwa majumbani. Mwanamume anayemsindikiza mkewe kliniki na kupima naye hajapungukiwa na heshima.

Kwa jumuiya ndogo ndogo. Swali “aliupataje?” lisisikike tena katika sala zetu. Yapo maswali mengine yanayomfaa Mkristo: Je, anapata dawa? Nani anamsaidia nauli? Watoto wanakula? Huduma ya PASADA katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam ilianza mwaka 1992 kutokana na kikundi kidogo cha watu walioishi na virusi; haikuanza na majengo. Hata jumuiya ya kaya kumi inaweza kuanza.

Kwa makatekista na wahubiri, sisi mapadre tukiwa wa kwanza. Tunapohubiri juu ya usafi wa moyo, tusiutumie UKIMWI kama fimbo ya kuwatishia watu. Katika benchi la tatu ameketi mjane aliyeambukizwa na mumewe, na nyuma yake yuko kijana aliyezaliwa na virusi na anayejiandaa kwa Kipaimara. Wote wawili watayasikia maneno yetu kama hukumu juu yao, na huenda wasirudi.

Kwa wanaoishi na VVU. Msiache dawa kwa sababu mmeombewa. Sala na dawa havishindani: Yoshua bin Sira anafundisha kwamba tabibu na dawa vimetoka kwa Bwana, na anamwagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake (YbS 38:1-15). Mnakaribishwa katika Sakramenti zote kama wabatizwa wengine, na katika kwaya, halmashauri na uongozi. Ninyi si mradi wa huruma wa parokia. Ni viungo vya Mwili wa Kristo.

Nasi sote, tusiojua hali zetu na tunaodhani kwamba tunazijua, twende tukapime. Anayepima hakiri dhambi yoyote. Anamtunza mwenzi wake na watoto wake, na anaitunza zawadi ya uhai aliyopewa na Mungu.